Singo kebini au dabo kebini, Hilux au D-Max: hesabu ya kufanya kabla ya kulipia pikapu

Majuto ya mwenye pikapu mpya hayaanzii kwenye injini. Huanzia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, siku ya kwanza anaposhusha mlango wa nyuma na kuona nusu ya bati la mita 3 inaning'inia nje ya gari. Injini iko sawa, viti vizuri, rangi inang'aa. Bodi, yaani sehemu ya kubebea mzigo, ndiyo fupi.

Kwa hiyo tuanze kulinganisha kutoka nyuma ya gari kwenda mbele. Wanunuzi wengi Tanzania na Kenya huchagua chapa kwanza, halafu injini, na suala la kebini (singo yenye mstari mmoja wa viti, au dabo yenye miwili) huamuliwa na bei iliyobaki mfukoni. Mpangilio unaomwokoa mtu ni wa kinyume: kebini na urefu wa bodi, kisha kilo zinazobaki za kubeba, kisha 4x2 au 4x4 (injini isukume magurudumu mawili au yote manne), kisha injini na mahali gari lilipotoka. Chapa ije mwisho, tena kwa swali moja tu: nani anauza vipuri vyake karibu na kwako?

Bodi: kila sentimita ya abiria inatoka kwenye mzigo

Chukua Toyota Hilux ya kizazi kilichotoka mwaka 2015. Ikiwa kwenye chasisi ndefu, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 3,085, iwe singo kebini, ekstra kebini (yenye nafasi ndogo nyuma ya viti vya mbele) au dabo kebini. Chasisi haikurefushwa kwa ajili ya viti vya nyuma, bodi ndiyo iliyokatwa. Singo kebini ina bodi ya takriban mita 2.3, ekstra kebini mita 1.8, na dabo kebini kama mita 1.55. Isuzu D-Max na Ford Ranger hutofautiana na hizo kwa sentimita chache, kwa hiyo kuhama chapa hakutakupa bodi ndefu.

Urefu huo una maana kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Bati la mita 3 kwenye singo kebini linatokeza sentimita 70, na mlango wa nyuma ukishushwa linalala vizuri. Kwenye dabo kebini linatokeza karibu mita moja na nusu, yaani unahitaji fremu ya chuma juu ya kebini, na fremu hiyo ina uzito wake. Plaiwudi ya mita 1.22 kwa 2.44 ina tatizo la pili: nafasi kati ya matao ya magurudumu kwenye Hilux ni kama mita 1.1, kwa hiyo haiwezi kulala sakafuni. Inakaa juu ya matao, na ukipanga shiti ishirini zinapinda katikati zikifika. Tibu kwa kuweka mbao mbili au tatu za kimo cha matao katikati ya sakafu kabla ya kupakia. Ranger mpya iliyotoka mwaka 2022 ilipanuliwa hapo, na paleti ya mita 1.2 inaingia kati ya matao. Kwa mwenye kubeba paleti hiyo ni sababu halali ya kuichagua. Kwa mbeba magunia haibadilishi kitu.

Lakini urefu ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine, ambayo muuzaji haigusi, ni pale bodi inapokaa ukilinganisha na ekseli ya nyuma. Kwenye singo kebini ndefu, ekseli iko karibu katikati ya bodi: mzigo uliosambazwa vizuri unaikalia ekseli moja kwa moja. Kwenye dabo kebini, kama sentimita 40 tu za bodi ziko mbele ya ekseli na zaidi ya mita moja iko nyuma yake. Ukijaza bodi hiyo sawasawa, kitovu cha mzigo kiko nyuma ya ekseli, na mkono wa mizani unaanza kufanya kazi.

Fanya hesabu. Kilo 500 zikikaa sentimita 90 nyuma ya ekseli, zidisha 500 kwa 0.9 kisha gawanya kwa 3.085: unapata kilo 146. Hizo zimeondolewa kwenye magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma sasa inabeba kilo 646, si 500. Dereva ataviona vitu vitatu. Usukani unakuwa mwepesi kama wa gari lililonyanyuliwa jeki, taa zinamulika miti na macho ya wanaokuja badala ya barabara, na kwenye kona yenye maji pua ya gari inachelewa kugeuka. Kidude cha kushusha taa kilichopo kwenye dashibodi kimewekwa kwa ajili ya hali hii, ila wengi wanamaliza mwaka bila kujua kazi yake.

Mizigo mizito, kama saruji, betri, jenereta au ngoma ya mafuta, isukumwe mbele kabisa hadi iguse ukuta wa kebini. Vyepesi vikae nyuma. Anayefanya kinyume kwa sababu ni rahisi kupakua mlangoni anaivunja chasisi taratibu: dabo kebini zilizopinda huwa zimepindia nyuma tu ya kebini, na dalili ya kwanza ni mwanya kati ya kebini na bodi kuwa mpana juu kuliko chini. Ukikagua gari lililotumika, tazama mwanya huo kutoka pande zote mbili kabla hata ya kuangalia injini.

Kilo ngapi zinabaki?

"Pikapu ya tani moja" ni jina la mtaani. Uzito unaoruhusiwa kubebwa unapatikana kwa kuchukua uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake, kama ulivyoandikwa kwenye kibati cha kiwanda, na kutoa uzito wa gari tupu. Tuseme dabo kebini ya 4x4 ina kibati cha kilo 2,950 na gari tupu lina kilo 2,000. Zimebaki 950. Sasa weka watu watano wa kilo 75 kila mmoja: 375. Kanopi ya faiba, yaani paa la kufunika bodi: kama 70. Bampa ya chuma ya mbele: 50. Zimebaki kilo 455, sawa na mifuko tisa ya saruji ya kilo 50. Mfuko wa kumi unakuweka juu ya kikomo.

Singo kebini ya 4x2 yenye kibati hichohicho inaweza kuwa nyepesi kwa kilo 200 hadi 300, ina watu wawili tu na haina kanopi. Hiyo inabeba mifuko ishirini bila kuvunja kikomo. Tofauti ni mara mbili na zaidi, na inatoka kwenye chaguo la kebini na vikorombwezo, wala si kwenye nguvu ya injini. Ndiyo maana mtu anayenunua dabo kebini kwa biashara ya kusambaza bidhaa huishia kufanya safari mbili kila siku, na dizeli ya safari ya pili inakula faida yote.

Jibu la haraka la mtaani ni kuongeza pleti kwenye springi za nyuma. Inazuia gari kukaa chini, ni kweli, lakini kibati hakibadiliki: ekseli, fani, breki na chasisi ni vilevile. Kuna hatari moja ambayo mafundi wengi huisahau. Pikapu nyingi za zamani, hasa zisizo na ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga unapokanyaga breki), zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa kifimbo. Gari likikaa chini kwa mzigo, kifimbo kinasogea na vali inaruhusu breki nyingi zaidi nyuma. Ukiongeza pleti, gari halikai chini tena, vali inadhani liko tupu, na breki za nyuma zinapungua wakati unazihitaji kuliko siku zote. Fundi akiongeza pleti, lazima arekebishe kifimbo hicho siku hiyohiyo.

Kurukaruka ikiwa tupu

Hili ndilo lalamiko la kila aliyetoka kwenye gari dogo kama Premio au Noah. Springi za nyuma zimetengenezwa zikae sawa zikiwa na mzigo, kwa hiyo gari tupu linarusha abiria wa nyuma kwenye kila tuta, na mvua ikinyesha tairi za nyuma zinateleza unapoondoka kwa kasi kwenye lami. Hakuna ubovu hapo. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva: upepo wa tairi za nyuma una namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Wauza tairi hupiga namba ya mzigo au zaidi na kukuacha hivyo. Ukishusha hadi namba ya tupu, nusu ya kurukaruka inaisha. Mifuko miwili ya mchanga ya kilo 40 juu ya ekseli, ikifungwa isihame, inamaliza sehemu kubwa ya iliyobaki.

Dabo kebini ni tulivu kidogo kuliko singo kwa sababu ni nzito na abiria wako katikati. Kama gari litabeba familia siku tano na mzigo siku mbili, hapa ndipo dabo kebini inapostahili bei yake, hakuna ubishi.

Vumbi halina huruma kwa yeyote. Kanopi kwenye barabara ya changarawe hunyonya vumbi kupitia nyufa za mlango wa nyuma, kwa sababu hewa nyuma ya gari ina msukumo mdogo. Ziba pembe za chini za mlango kwa mpira wa milango, kisha fungua dirisha la mbele la kanopi kidogo ili hewa iingie kwa mbele na kusukuma vumbi nje. Ukifunga kila kitu ndipo vumbi linapoingia zaidi.

4x2 au 4x4

Kwa mjini Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi na barabara kuu za lami, 4x2 iliyonyanyuliwa inatosha. Ina kimo kilekile, ni nyepesi na haina difu ya mbele ya kuhudumia. Tofauti inaonekana kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa masika, na kwenye mlima wenye utelezi gari likiwa tupu. Hapo 4x2 haitoki, hata ikiwa na tairi mpya zenye meno. Kama shamba liko kwenye udongo huo, nunua 4x4 sasa, maana kuigeuza 4x2 baadaye ni ghali kuliko tofauti ya bei.

Aliyenunua 4x4 naye ana makosa yake ya mwezi wa kwanza. Hilux, D-Max na Ranger za kawaida hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiweka H4 (4x4 ya mwendo wa kawaida) kwenye lami kavu na kukata kona, magurudumu ya mbele yanataka kuzunguka zaidi ya ya nyuma na hayana pa kuachia. Usukani unakuwa mgumu, gari linajikaza kama limeshikwa breki, na kinachoumia ni giaboksi ya 4x4 na mashafti. H4 ni ya matope, mchanga na changarawe. L4, 4x4 ya mwendo wa polepole wenye nguvu, huwekwa gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru. Kosa la kinyume ni kutoitumia kabisa: oili ya difu ya mbele inatulia chini na sili zinakauka. Toyota inataka gari liendeshwe kwa H4 angalau kilomita 16 kila mwezi. Tafuta barabara ya vumbi na uifanye iwe ratiba.

Injini, na lilikotoka

Hapa swali la kwanza ni umbali wa safari zako kabla ya uwezo wa farasi.

Hilux za 2005 hadi 2015 zilikuja na dizeli za 2KD za lita 2.5 na 1KD za lita 3.0. Ni injini zinazojulikana na kila fundi, lakini zina ugonjwa mmoja unaoua. Chini ya kila nozeli, kinyunyizio cha dizeli, kuna washa ya shaba, yaani pete ya kuziba. Ikichoka, moshi wa mwako unapanda ndani ya kifuniko cha juu na kuchanganyika na oili. Oili inaganda kama lami, vipande vinashuka hadi kwenye chujio la waya lililo chini kabisa ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), chujio linaziba, presha ya oili inaanguka na injini inafia barabarani huku oili ikiwa imejaa kwenye kijiti cha kupimia. Mwenye gari haelewi kwa nini.

Unaikagua hivi. Fika asubuhi injini ikiwa ya baridi, na ushike boneti kuhakikisha haijawashwa kabla yako. Washa, sikiliza kama inagonga kwa dakika mbili za mwanzo, tazama kama moshi mweupe unaendelea baada ya injini kupata joto. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili: mvuke kidogo ni kawaida, msukumo wenye harufu ya moshi pamoja na ukoko mweusi mgumu chini ya kifuniko ni wa kukimbia. Kama bei inavutia sana, shusha sampu, tazama chujio, na uhesabu washa mpya nne kwenye gharama. Injini hizi pia zina mkanda wa taimingi, ambao katika masoko mengi hubadilishwa kila kilomita 150,000. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kukumbusha, na wauzaji wengine huizima bila kubadilisha mkanda. Dai risiti.

Injini za 2GD za lita 2.4 na 1GD za lita 2.8 zilizofuata zinatumia mnyororo badala ya mkanda, na 2.4 inatosha kabisa kwa mzigo halali: nguvu yake ya kuvuta ni Nm 343 hadi 400 kulingana na toleo. Kulipia 2.8 ni kwa anayevuta tela au kupanda milima akiwa amejaza. Zote mbili hujazwa oili lita 7.5 pamoja na filta. Anayepeleka lita tano kwa mazoea ya gari dogo anarudi dukani.

Suala nyeti ni magari kutoka Uingereza. Usukani uko kulia, yanaonekana safi na bei ni ya kushawishi. Mengi yana filta ya masizi kwenye bomba la moshi. Filta hiyo hujichoma na kujisafisha ikiwa gari linakwenda mwendo wa barabara kuu kwa dakika 15 hadi 20 mfululizo. Ukitumia gari kwa safari za kilomita nne kwenye foleni, inajaa, taa inawaka, injini inapunguza nguvu, na dizeli inayomwagwa ili kuchoma masizi inashuka kwenye oili. Kama kijiti kinaonyesha oili ikipanda badala ya kushuka, badilisha oili mara moja, iwe ile ya majivu machache yenye alama ya ACEA (viwango vya oili vya Ulaya) C2 au C3 kulingana na kitabu cha gari. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa ya ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), hivyo gari linaweza kuishi hapa, lakini si kwa dizeli ya madumu kando ya barabara. La pili ni chumvi inayomwagwa barabarani huko wakati wa baridi: chukua nyundo ndogo na ugonge chasisi karibu na mahali springi za nyuma zinaposhikwa. Sauti ifanane kote. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari si uthibitisho wa uzima.

Japani hupati nyingi. Toyota iliacha kuuza Hilux huko mwaka 2004 na kuirudisha 2017, basi anayekuambia Hilux yake ya 2012 iliuzwa mpya Japani mwombe karatasi. Nyingi za miaka hiyo ni za Thailand, Afrika Kusini, Uingereza au Australia. Kenya haisajili gari lililotumika linaloingizwa kutoka nje likizidi miaka 8. Hilux za petroli lita 2.7 zilizojaa Oman na Falme za Kiarabu ni imara na hazina nozeli za kusumbua, ila usukani uko kushoto na Kenya haiyasajili magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida. Ikiwa safari zako zote ni fupi za mjini, petroli ya usukani wa kulia ni chaguo la busara kuliko watu wanavyokubali. Inakula zaidi, lakini haina chochote kati ya niliyoyataja hapo juu.

Chapa

Hilux inashinda kwa bei ya kuuzia tena na kwa vipuri hadi wilayani. Unalipia sifa hiyo siku ya kununua.

D-Max huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyokuwa General Motors East Africa hadi mwaka 2017, na kwa mnunuzi wa Kenya anayetaka singo kebini mpya ya kazi ni vigumu kuipita. Injini ya 4JJ1 ya lita 3.0 iliyo kwenye D-Max nyingi ina mnyororo na haipendi mbio, inapenda mzigo. Ndani ni pakavu ukilinganisha na nyingine.

Ranger ndiyo tamu kuendesha. Inadai fundi makini: kwenye injini za lita 2.2 na 3.2, oili ikishamwagwa mpya iingie ndani ya dakika 10, la sivyo pampu ya oili inaweza kupoteza mvuto na injini kuzunguka kavu ikiwashwa. Fundi anayemwaga oili kisha kwenda kunywa chai anaweza kuiua injini nzima. Za lita 2.0 za kabla ya kizazi cha 2022 zina mkanda unaozunguka ndani ya oili yenyewe, kwa hiyo oili isiyo ya daraja lililoandikwa kitabuni inaula mkanda. Kama huna fundi unayemwamini kwa mambo haya mawili, chukua moja ya zile nyingine.

Kabla ya kulipa

Omba kuijaribu pikapu ikiwa na mzigo. Mifuko kumi ya saruji kwa dabo kebini ukiwa peke yako ndani, imesukumwa mbele ya bodi, inatosha. Pima kimo cha tao la gurudumu la nyuma kabla na baada ya kupakia, kushoto na kulia; upande mmoja ukishuka zaidi ya mwingine, kuna pleti iliyokatika au kuchoka. Endesha kilomita tano, ukanyage breki kwa nguvu mara moja mahali salama, kisha pita kwenye tuta. Pima pia urefu wa maegesho yako: hizi gari zina zaidi ya mita 5.2, na nafasi nyingi za kuegesha hazizidi mita 5. Mwisho, muulize wakala wa bima kama karatasi inasema matumizi binafsi au biashara. Ukibeba mizigo ya watu kwa malipo huku bima ikisema binafsi, fidia inaweza kukataliwa.